Asubuhi Mama Mkwe Alipombeba Mtoto Kwenye Umande

Bwana asifiwe, wapendwa wa Makambako! Wamenijibu wa mbele tu. Nanyi mliosimama kule mlangoni mnaota jua, Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Mchungaji amenipa nafasi na ameniomba nisiichukue yote, maana kwaya imejiandaa na inaniangalia kwa jicho kali. Nitajitahidi. Lakini wanaonijua wanajua kwamba nikishika maneno nasahau saa, na jambo ninaloshuhudia leo siwezi kulitaja juujuu halafu nikakae.

Naitwa Eliza, mama Faraja. Wazee wa hapa mnanikumbuka, nimekulia karibu na stesheni ya reli, binti wa yule fundi viatu. Niliolewa Njombe, kule Yakobi, na kijana anayeitwa Yohana. Leo nimekuja na mama yake, mama mkwe wangu. Yule pale kwenye safu ya akina mama, aliyejifunika blanketi kana kwamba Makambako nako ni Njombe. Mama, wapungie mkono. Amekataa. Ana haya, ndivyo alivyo.

Ndugu zangu, nyumba yetu ilisimama miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo kusafirisha mazao kulikuwa na vibali na vizuizi njiani, mpaka mtu anachoka kabla hajafika. Milango ilipofunguliwa, Yohana akaingia kwenye biashara ya viazi kwa nguvu zote. Alikuwa anapakia kwenye lori la Bwana Shomari, msafirishaji wa hapahapa Makambako. Ni Mwislamu mcha Mungu, mzaliwa wa Tanga, na baridi ya Njombe hajaizoea mpaka leo. Viazi vikaenda Dar es Salaam, na Yohana akaanza kujenga.

Akajenga nyumba ya kisasa. Tofali za kuchoma, bati, dari jeupe, madirisha ya vioo yanayofunga vizuri. Mama mkwe alipoingia mara ya kwanza alivua viatu mlangoni akatembea akipapasa kuta. Nilicheka sana, nikamwambia mama, hapa si madhabahuni. Alifurahi kuliko sisi wenye nyumba. Maisha yake yote alikuwa amekaa nyumba ya nyasi, ile yenye moto wa kuni katikati. Wazee mnaijua. Moshi unapanda, unapenya kwenye nyasi, unatoka wenyewe. Watoto wake wote aliwazaa na kuwalea kando ya moto ule. Kwetu mzazi na mtoto mchanga hawakai kwenye baridi. Hilo hata halijadiliwi. Mzazi anafungiwa ndani, anaogeshwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa ulezi, na moto hauzimwi. Na mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke.

Sasa nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, mvulana, wakati wa baridi. Na kwenye nyumba mpya yenye dari jeupe, nani atawasha kuni? Mama mkwe akatumia akili yake. Akawasha jiko la mkaa nje, mkaa ule mzuri wa miti ya miwati. Akalipuliza mpaka moshi ukaisha kabisa, mkaa umekuwa mwekundu. Ndipo akaliingiza chumbani, akafunga mlango na kuziba matundu yote kwa matambara, ili kale kajukuu kake kasipigwe na upepo. Alifanya hivyo kila jioni. Usiku mmoja tukalala vizuri. Asubuhi mimi niliamka na kichwa kinaniuma kama cha mlevi, na mtoto hakuamka.

Ndugu zangu, sitasema mengi hapo. Wenye kujua wanajua.

Tulizika. Watu walisema baridi ya Njombe ndiyo iliyomchukua, kifua cha mtoto mchanga hakiwezi. Wengine walinong'ona mambo mengine juu ya nyumba yetu, kwamba nyumba iliyojengwa upesi namna ile lazima iwe na kitu chake. Mimi niliingiwa na hofu. Kila nikiingia chumba kile nilihisi kuna kinachonisubiri. Nikafunga mzigo wangu, nikarudi hapa kwa baba. Yohana akaja kunifuata, nikakataa. Akaja tena, nikajifungia ndani.

Halafu akaja yeye, mama mkwe. Alipanda basi peke yake, mtu ambaye basi humtapisha tangu kituo cha kwanza. Alifika amelowa mvua, hakusema kwamba amekuja kunichukua. Alisema, "Nimekuja tulie wote, mwanangu. Kule nalia peke yangu." Akakaa kwetu, akafua nguo zangu, akanisuka nywele. Alipoondoka nilikuwa nimebeba kapu lake, nami nimepanda basi pamoja naye. Ndiyo maana nawaambia, wale wanaotania kuhusu mama wakwe, mimi huwa sicheki.

Mungu akatujalia mimba nyingine. Na mama mkwe akaweka nadhiri moyoni mwake kwamba safari hii baridi haitampata mtu.

Mnaona, ndugu zangu? Mnaona tulikokuwa tunaelekea? Aliyekuwa na upendo mwingi kuliko wote ndiye aliyekuwa anaongeza mkaa.

Nilijifungua salama zahanati, mtoto wa kike. Ilikuwa tena wakati wa baridi, ukungu umelala mpaka mchana. Tuliporudi nyumbani nikakuta chumba kimeandaliwa kama mzinga wa nyuki. Kila ufa umezibwa. Pazia la blanketi mlangoni. Na safari hii majiko yalikuwa mawili, moja kila upande wa kitanda. Mama mkwe mwenyewe alitandika mkeka wake karibu na mlango, alale humohumo atulinde. Yohana alikuwa huku Makambako na mzigo wake. Tulibaki wanawake watatu ndani ya nyumba, nikimhesabu na yule mdogo.

Hapa nimtaje dada mmoja. Anaitwa Sikitu. Miaka ile mkutano wa kijiji ulimchagua awe mhudumu wa afya. Akaenda kufundishwa hospitalini, akarudi na kisanduku cha bati chenye pamba, spiriti, mkasi na kipima joto. Kazi yake ilikuwa kutembelea watu majumbani, kwa wazazi, wazee, wagonjwa ambao hospitali imewarudisha. Na mtu akizidiwa ghafla ndiye aliyekimbiliwa, maana gari la wagonjwa sisi tulilisikia tu. Wengine walimcheka. Walimwita daktari wa miguu, kwa sababu hata baiskeli hakuwa nayo. Alikuwa anacheka nao, anaendelea na njia yake.

Sikitu alikuwa na utaratibu wake. Hakuingia kwa mtu akaanza kufungua kisanduku. Alipiga hodi, akasema kamwene, salamu ya kwetu, akasubiri aitikiwe, akakaa, akauliza habari za shamba na za mbuzi, akanywa uji akipewa. Na kitu kimoja nilikuja kukigundua baadaye. Hakumchukua mtoto mchanga mikononi mwa mzee. Kama bibi amempakata, atapimwa humohumo mikononi mwa bibi. Alisema mtoto ana mwenyewe, yeye ni mgeni tu.

Alikuja mara ya kwanza nikiwa nimelala. Mama mkwe akamwambia mzazi amepumzika. Sikitu hakulazimisha. Alikaa jikoni, wakazungumza, akaahidi kurudi kesho yake asubuhi. Nami nikasikia sauti yake kwa mbali, nikataka kuitika, kichwa kikanigonga, nikaacha. Kichwa kile kilinisumbua tangu nirudi nyumbani. Nilidhani ni uchovu wa uzazi.

Asubuhi ile, ndugu zangu! Nilifungua macho nikaona mwanga hafifu kwenye pazia, nikataka kugeuka nimnyonyeshe mtoto. Mwili ukakataa. Nilikuwa nasikia. Nilisikia jogoo, nikasikia mama mkwe ametoka kuteka maji, nikasikia hata ndoo ikigonga ukuta. Lakini mkono wangu ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mtoto alikuwa hapa ubavuni na sikusikia akihema. Nikataka kuita, ulimi ukalala. Nikaanza kuomba moyoni. Sikuwa na sala nzuri. Nilisema tu, Bwana, siyo tena. Bwana, siyo tena. Halafu hata hayo maneno yakaanza kunipotea.

Yaliyofuata mengine nilisikia, mengine niliambiwa. Mama mkwe alirudi, akaniita, sikuitika. Akamwinua mtoto, akamkuta amelegea. Akapiga ukunga. Na wakati uleule Sikitu alikuwa anapiga hodi uani, kwa sababu aliahidi asubuhi, akaja asubuhi! Siku ile hakusubiri kuitikiwa. Aliingia.

Baadaye aliniambia kwamba aliposimama chumbani mle alihisi joto zuri kabisa, joto la kukufanya ulale. Kisha akaanza kuhisi kichwa kinamzunguka. Akayaona majiko mawili. Akamwuliza mama mkwe swali moja tu, kama na yeye kichwa kinamuuma. Mama mkwe akajibu kwamba kinamuuma kila akiamka, lakini akienda kisimani kinapona. Sikitu akaelewa. Alikuwa amewahi kusikia hospitalini habari za mlinzi wa ghala aliyeingia na jiko kwenye kibanda chake, akafunga mlango, hakufungua tena.

Akasukuma madirisha yote mawili, akang'oa blanketi la mlangoni. Baridi ikaingia kama maji. Akasema tutoke nje, wote, sasa hivi.

Na mama mkwe akasimama mlangoni, mtoto kifuani, akakataa.

Msimcheke, ndugu zangu. Jiwekeni pale. Amezika mjukuu mmoja akiambiwa baridi ndiyo iliyomwua. Ana wa pili mikononi, kitovu hakijadondoka, hajatolewa nje tangu tutoke zahanati, na ukungu kule nje ni mzito kiasi cha kulowesha nywele. Anakuja msichana na kisanduku cha bati anamwambia mtoe huyu kwenye joto umpeleke kwenye baridi. Ninyi mngekubali? Mama mkwe alisema, "Umande utamuua. Nipitie mimi kwanza."

Sikitu angeweza kumnyang'anya. Alikuwa kijana, ana nguvu. Angeweza kupiga kelele, kumwambia mama, wewe ndiye unayemuua. Na dakika zilikuwa zinakwenda. Mimi nilikuwa pale kitandani, nasikia, siwezi kusema hata neno moja la kumsaidia mmoja wao.

Alichofanya ni kuvua sweta lake, sweta jekundu la mitumba, jipya halijafuliwa hata mara mbili. Akalikunjua, akamwekea mtoto begani, palepale mikononi mwa bibi yake. Akasema, "Mama, mimi simgusi. Mbebe wewe. Mweke ndani ya nguo zako, ngozi kwa ngozi, kifua chako kitampa joto. Lakini tembea, mama. Tembea utoke naye."

Halafu nikasikia miguu ya mama mkwe. Iliburuta kidogo, ikatoka.

Bwana apewe sifa! Nasema Bwana apewe sifa, maana Mungu hakuipindua nyumba wala hakutuma radi. Aliitembeza miguu ya bibi mmoja aliyekuwa anaogopa.

Sikitu akarudi akanishika makwapani, akaniburuta na blanketi langu mpaka barazani. Akanilaza kwa ubavu. Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe aliyekuwa amekaa kwenye kinu. Akaangalia uso wa mtoto, akaomba ruhusa, ndiyo, hata pale aliomba ruhusa! Akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua ya mtoto, akapuliza pumzi ndogo ndogo, kama mtu anayepoza uji. Mtoto yuko mapajani mwa bibi yake. Akapuliza, akaangalia kifua, akapuliza. Mama mkwe anasema alikuwa anahesabu mbuzi waliokuwa zizini ili asihesabu pumzi.

Mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo. Halafu akanung'unika kama mtu aliyeamshwa bure. Sijawahi kusikia wimbo wowote, hata wa kwaya hii na mnisamehe, unaofanana na mnung'uniko ule.

Lakini tulikuwa hatujafika. Rangi ya mtoto haikuwa nzuri, na mimi fahamu zilikuwa zinakuja na kupotea. Sikitu alisema lazima twende hospitalini tukapate hewa ya mtungi. Na nani aliyekuwa anapanda kilima kwa lori asubuhi ile, amejifunga kanga ya mkewe kichwani kwa ajili ya baridi? Bwana Shomari. Amekuja kuchukua magunia aliyoyaacha Yohana. Hakuuliza swali. Alituweka mbele, na Sikitu akamwamuru afungue vioo vyote vya gari. Vyote! Mtu wa Tanga, kwenye ukungu wa Yakobi! Aliendesha meno yakigongana, anaomba kwa Kiarabu, na mama mkwe upande wa pili anaomba kwa Kibena. Mimi katikati naomba kwa kunyamaza. Tulifika.

Hospitalini tuliwekewa oksijeni, mimi na mtoto. Daktari alitueleza kwa upole. Alisema mkaa unapowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na moshi wala harufu. Nyumba ya nyasi inapumua. Nyumba ya bati na dari haipumui. Moto uleule uliowalea watoto wa mama mkwe, ukiufungia kwenye nyumba yetu mpya, unageuka. Na mtoto mchanga ndiye huondoka wa kwanza.

Mchanga ndiye huondoka wa kwanza. Ndugu zangu, nilikuwa nimelala, mtoto wangu ameanza kunyonya tena, ilitakiwa niimbe. Badala yake niliugeukia ukuta. Maana nilielewa. Nilielewa yule mvulana wangu alikufa kwa nini, na ni nani aliyeliingiza jiko.

Sikutaka kuelewa. Lakini ukishaelewa jambo huwezi kulirudisha. Nilikasirika. Nilimkasirikia hata Sikitu aliyetuokoa, kwa sababu bila yeye ningeendelea kuilaumu baridi, na baridi haina uso. Yohana alikuja mbio kutoka Makambako, akalia juu ya mtoto, sikumwambia kitu. Mama mkwe naye hakusema kitu. Nikadhani hajaelewa.

Tuliruhusiwa, tukarudi nyumbani. Sikitu akaja, maana kazi yake ndipo inapoanzia, mgonjwa akisharudi kwake. Alituonyesha namna ya kulala na joto bila jiko, mtoto kifuani mwa mama, mablanketi, maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa nguo. Madirisha yaachwe na nafasi. Mama mkwe alisikiliza yote, mikono imekunjwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Sikitu, na yule wa kwanza?"

Nilitamani Sikitu adanganye. Uongo mdogo tu, nani angejua? Sikitu akasogea, akakaa chini kwenye mkeka wake, miguu ikigusana na ya mama mkwe. Akasema, "Mama, mimi sikuwepo. Lakini nadhani ndivyo ilivyokuwa."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole. Akainuka, akatoka.

Tangu siku ile hakuingia tena chumbani kwangu. Alipika, akaacha chakula mlangoni. Mtoto akilia, alisimama kule nje, nikimwona kupitia kioo, mikono yake imeshikana kana kwamba anaizuia. Hakumgusa. Hakula vizuri. Alirudi kulala kwenye nyumba yake ya nyasi ambayo tulikuwa tumeiacha ya kuku. Yohana alimbembeleza, akachoka. Mama aliyenifuata mpaka Makambako kwa basi linalomtapisha alikuwa anapotea mbele ya macho yangu, umbali wa kutupa jiwe.

Na Sikitu? Aliendelea kuja. Alinipima, akampima mtoto, alipomaliza akaenda kwenye nyumba ya nyasi, akakaa na mama mkwe kwenye majivu. Siku nyingine hawakuzungumza lolote. Nilimwuliza anafanya nini kule, na mama mkwe hana homa. Akaniambia kwamba kwake nyumba ile ina wagonjwa watatu, na aliyezidiwa ni yule. Akaongeza kwamba dawa yake yeye hana kisandukuni. Akanitazama. Akaaga.

Niliomba, ndugu zangu. Nilisema, Bwana, mtoto wangu ulinirudishia, sasa unataka nini tena? Nilitaka niendelee kidogo na hasira yangu. Ilikuwa hasira yangu halali! Mwanangu yuko ardhini! Na Mungu hakunijibu kwa sauti. Kilichonijia ni ile miguu. Nilisikia tena ile miguu ya mama mkwe ikiburuta, ikitoka na mtoto kwenye umande. Aliamini kabisa kwamba umande utamuua, na bado akatoka. Mimi nilikuwa shahidi. Hakuna mwingine duniani aliyeisikia miguu ile ila mimi na Sikitu.

Nikamfunga mtoto vizuri, nikavuka uwanja. Jua lilikuwa limetoka. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Aliponiona akasimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikamwambia, "Mama, mshike mjukuu wako. Mimi hapa Yakobi sina mama mwingine."

Akasema, "Una hakika, mwanangu?"

Nikasema nina hakika. Ndugu zangu, niko mbele ya madhabahu, siwezi kuwadanganya. Hakika yangu ilikuwa bado haijakamilika. Ilikamilika alipomshika. Alimshika kama mtu anayepokea moto kwa mikono mitupu, kisha vidole vikakumbuka, vikamkaza. Akakaa chini, akalia kilio ambacho hakulia tulipozika. Nikakaa naye. Tukalia wote, kama alivyoniahidi siku ile hapa Makambako kwa baba. Siku hiyohiyo ndipo yeye alipompa mtoto jina. Akamwita Faraja.

Huo ndio wokovu ninaoushuhudia leo. Mwaka ule Bwana alinitoa mara mbili. Mara ya kwanza kwenye hewa ya mkaa, mara ya pili kwenye chumba cha moyo wangu nilichokuwa nimekiziba mwenyewe.

Namalizia, mwalimu wa kwaya, usikunje uso.

Siku chache baadaye Sikitu alikuja na ombi. Alisema kuna nyumba nyingi mpya za bati Yakobi, na wazazi wengi, na yeye akiwaambia watoe jiko, mabibi humwona mtoto wa juzi. Akamwomba mama mkwe wafuatane. Mama mkwe akakataa, akasema ataonekana muuaji. Kesho yake nikamwona amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshika fimbo, yuko njiani na Sikitu. Wamefuatana hivyo mpaka leo Faraja anasoma shule. Sikitu hubeba kisanduku, mama hupiga hodi. Kuna watoto pale kwetu wanaokimbia uwanjani kwa sababu bibi mmoja aliingia kwao, akatazama dirisha, akakaa na bibi mwenzake wakaongea taratibu.

Jana usiku nilimwuliza kama nikisimama hapa niseme "bibi mmoja" au "mtu mmoja", nisimtaje. Alikuwa anamsuka Faraja. Hakuinua hata uso. Akasema, "Ukifika kwenye jiko, usiniruke. Nitaje. Wakisikia ni mtu mbaya aliyefanya, kila mmoja atasema siyo mimi. Waambie ni bibi aliyewapenda wajukuu wake."

Nimekutaja, mama.

Ndugu zangu wa Makambako, baridi inakuja, na mmejenga nyumba nzuri. Mwaminini Mungu aliyetutoa sisi. Huwa anatuma watu, nao hupiga hodi wakiwa na miguu yenye vumbi. Mkiwasikia, itikieni. Ibada ikiisha mama mkwe wangu atakaa pale mlangoni juani. Mwenye mzazi nyumbani apite kwake. Msimwogope, na msimwonee huruma. Atawauliza mtoto analala wapi na jiko mnaliweka wapi. Mjibuni ukweli.

Amina, na kwaya sasa waimbe.